Kofia ya kupandia farasi kwa shilingi 150,000: mpya, ya mtumba, au nitumie ya bodaboda?

#1 Baba_Ilazo
Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, na likizo hii ya Juni amepata nafasi ya kujifunza kupanda farasi kwenye shamba la mtu tunayefahamiana naye upande wa Kongwa, ambako wapo farasi wanne. Mwenye shamba ametoa sharti moja tu, kwamba kila mtoto aje na kofia yake ngumu, kwa sababu alizonazo ni za watu wazima. Nimetenga shilingi 150,000 na sina nyongeza. Mkononi nina njia tatu: kofia ya pikipiki niliyonayo nyumbani, ya baiskeli ambayo mpwa wangu ameahidi kuniazima, na moja ya farasi hasa, nyeusi, yenye kitambaa cha mahameli, niliyoiona kwenye mitumba pale Sabasaba hapa Dodoma ikiuzwa shilingi 15,000. Mawazo yangu, na ninaomba mnipinge kwa hoja, ni kwamba kofia ngumu ni kofia ngumu, na hiyo tofauti ya bei tunayoisikia ni ya jina na urembo.

#2 Mgogo_wa_Bahi
Babu yangu alipanda punda kutoka kijijini hadi mnadani kwa zaidi ya miaka arobaini, akiwa na pama kichwani na fimbo mkononi, na kilichomwondoa duniani ni uzee. Sisi watu wa huku tumemzoea mnyama aliye karibu na ardhi. Ninyi mnaotaka kukaa ghorofani ndio wenye shida ya kofia. Nimevuta kigoda, ninawasubiri wataalamu.

#3 Kwato_Nne
Nilifanya kazi ya kutunza farasi mkoani Arusha kwa miaka tisa kabla ya kuhamia Dodoma, kwa hiyo nitamjibu mleta mada bila kuzunguka. Kofia ya farasi imefikiriwa kwa ajili ya mambo ambayo ya baiskeli haikuyafikiria. Mpandaji huweza kuanguka upande wowote, hata chali, ndiyo maana kofia yake hushuka hadi kufunika kisogo. Chini yake kuna mawe, na juu yake kuna mnyama wa kilo mia nne au mia tano anayeweza kumkanyaga au kumpiga teke.

Cha kutafuta ni lebo ya ndani. Ya Marekani huandikwa ASTM F1163 pamoja na alama ya SEI, ambao ndio wanaothibitisha kwamba kofia imepimwa kweli. Ya Ulaya huandikwa EN 1384 au VG1. Ya Uingereza PAS 015. Na ya Australia na New Zealand ni AS/NZS 3838. Isiyo na mojawapo ya hizo mimi huihesabu kuwa pambo. Na hiyo ya mahameli ya Sabasaba, kabla hujaifurahia, igeuze kwanza utazame ndani, kwa sababu zipo kofia za umbo hilohilo zilizoshonwa kwa ajili ya kupendeza kwenye maonyesho tu, na zimeandikwa wazi kwamba ni vazi.

#4 Fundi_Makole
Mimi ninatengeneza pikipiki na ninauza kofia zake, hizi ambazo vijana wetu wa bodaboda huziita elementi, kwa hiyo msinishangae nikitetea mkate wangu. Kofia ya pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kilometa 80 kwa saa kwenye lami. Farasi wa kujifunzia wa mtoto atakwenda kilometa ngapi? Kama kofia inahimili kikubwa, kidogo kitaishindaje? Baba_Ilazo tayari anayo nyumbani. Abakize hiyo 150,000 amnunulie mtoto viatu vyenye kisigino, maana mguu ukinasa kwenye kikuku cha tandiko, kofia haitakuwa na la kufanya.

#5 Mwl_wa_Fizikia
Fundi, hoja yako ya viatu ninaikubali bila masharti, lakini hoja ya "kinachohimili kikubwa" ina tundu. Naomba nitumie hesabu ya darasani. Katika kipimo cha ASTM F1163, kofia huvalishwa kichwa cha bandia, kisha ikaangushwa kutoka mita 1.8 juu ya chuma bapa, na kutoka mita 1.3 juu ya chuma chenye ukingo, ambacho kinasimama badala ya kwato au kona ya jiwe. Kitu kilichoanguka mita 1.8 hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu mita 6 kwa sekunde, yaani kilometa 21 hivi kwa saa. Kichwa kitupu husimama ndani ya milimita chache. Tukikadiria mbili, kasi inapunguzwa kwa wastani wa mara 900 ya mvutano wa dunia. Povu la ndani likibonyea sentimita mbili, wastani huo unashuka hadi mara 90. Kipimo chenyewe hakiruhusu kilele kivuke mara 300.

Kwa hiyo kazi yote inafanywa na zile sentimita mbili za povu jeupe, linalofanana na lile linalofungashiwa televisheni. Ili lifanye kazi ni lazima libonyee. Povu la kofia ya pikipiki limefanywa gumu kwa ajili ya mapigo makubwa, na katika anguko dogo huenda lisibonyee vya kutosha, likaupitisha mshtuko kwenye kichwa cha mtoto.

#6 Fundi_Makole
Nimekusoma, Mwalimu, lakini neno lililobeba hoja yako yote ni "huenda". Mimi nimeona vijana wakianguka wakiwa wamesimama kwenye mataa, mwendo sifuri, na elementi ikawaokoa.

#7 Kwato_Nne
Wakati mwalimu na fundi wanashindana, niongeze la uzoefu. Kofia ya pikipiki inayofunika uso wote huwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na ya farasi mara nyingi ni karibu nusu kilo. Mtoto wa miaka 13 aliyevikwa kilo moja na nusu kichwani, akirushwarushwa farasi anapokwenda mbio za matiti, zile fupi za kudundadunda, atachoka shingo ndani ya nusu saa, na aliyechoka ndiye anayeanguka. Halafu hatasikia. Anayejifunza kupanda anahitaji kumsikia mwalimu wake na kumsikia farasi, ambaye huanza kukoroma na kulaza masikio kabla ya kufanya vurugu.

Kwa Mgogo_wa_Bahi: babu yako alipona, Mungu ampumzishe, ila waliokufa kwa kuanguka hawana wajukuu wa kuja kutusimulia humu.

#8 Nesi_wa_Zamu
Salaam. Nimefanya kazi wodi ya majeruhi kwa muda mrefu na ninaomba tuwe makini na maneno tunayomwambia mzazi huyu. Kofia hupunguza sana hatari ya fuvu kupasuka na ya ubongo kuvia damu. Haiondoi mtikisiko wa ubongo, na haiilindi shingo. Mtoto akianguka na kofia yake, kisha akatapika, akalalamika kichwa kinauma kwa kuzidi, akauliza swali lilelile mara tatu au akasinzia wakati usio wake, apelekwe hospitali hata kama kofia haina mkwaruzo.

Jambo la pili ni kwamba kofia ivaliwe tangu anapoingia bandani. Mgonjwa mmoja ninayemkumbuka hakuwa juu ya mnyama. Alikuwa ameinama nyuma ya punda akifungua kamba ya mkokoteni.

#9 Mgogo_wa_Bahi
Kwato_Nne amenipiga teke bila kunifahamu. Lakini naomba kuuliza kwa dhati: waliobobea nao wanavaa? Picha nyingi ninazoziona za farasi wanaocheza kwa madaha, wapandaji wamevaa kofia ndefu za bwana harusi.

#10 Mtumishi_wa_Mtumba
Picha hizo zimeanza kuwa za zamani, ndugu yangu. Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani katika mchezo huohuo wa farasi wa madaha kwenye Olimpiki ya 2008, aliumia vibaya kichwani Machi 2010 wakati wa mazoezi ya kawaida, farasi alipojikwaa naye akiwa hana kofia ngumu, na akawa hana fahamu kwa wiki kadhaa. Mjadala ulioanzia hapo ulichukua miaka, na tangu Januari 2021 shirikisho la kimataifa la mchezo wa farasi, FEI, limefanya kofia ya kinga kuwa lazima katika mashindano yake ya aina hiyo. Farasi alijikwaa tu. Ustadi wa mpandaji haukuulizwa.

#11 Mzee_wa_Reli
Na yule mwigizaji wa Superman, aliyepooza mwili mzima, si naye hakuwa na kofia?

#12 Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mzee. Hapo nitakusahihisha kwa heshima, kwa sababu kisa hicho hutumiwa vibaya. Christopher Reeve alianguka Mei 1995 kwenye mashindano ya kuruka viunzi huko Virginia, na kofia alikuwa ameivaa. Alivunjika pingili za juu za shingo. Ndiyo maana nilisema kwenye #8 kwamba kofia ni kwa ajili ya kichwa, na shingo ina habari yake.

#13 Mzee_wa_Reli
Marahaba, mwanangu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwatisha wajukuu kwa kisa ambacho sicho.

#14 Baba_Ilazo
Nimerudi. Leo mchana nilipita Sabasaba, nikaigeuza ile kofia kama nilivyoelekezwa. Ndani ina lebo iliyoandikwa EN 1384:1996, na tarehe ya kutengenezwa ni 2004. Mkanda upo, kishikizo kinafunga, mahameli hayajachakaa, na muuzaji ameshuka hadi 12,000. Sasa Kwato_Nne, si uliitaja EN 1384? Nikamate?

#15 Dada_wa_Kondoa
Lebo ipo, kichwa kimeenea, bei ni ya chapati, mimi ningechukua. Tunavaa viatu, makoti na mikoba ya mtumba na hatujafa.

#16 Mtumishi_wa_Mtumba
Dada, kwanza niweke sawa kwamba jina langu ni la mahali pa kazi, yaani Mtumba penye ofisi za serikali, na si la biashara yangu, kwa sababu kila uzi wa mitumba ninaulizwa bei ya belo.

Pili, nambari peke yake haitoshi, mwaka unaoifuata ndio wenye habari. EN 1384 ya zamani ilionekana kuwa dhaifu, na mwaka 2014 Ulaya iliiondoa kwenye orodha ya viwango inavyovitambua kwa kofia hizi; VG1 01.040 ilitungwa kwa haraka ili kuziba pengo hilo. Baadaye kikatoka EN 1384:2017, ambacho ni kikali zaidi. Kofia mbili zinaweza kubeba nambari moja na zikawa vitu viwili tofauti. Ninaona Kwato_Nne kwenye #3 aliitaja nambari bila mwaka.

#17 Kwato_Nne
Ninakubali kosa, na ninashukuru. Nilizoea kofia zenye alama zaidi ya moja, kwa hiyo sikuwa nikisumbuka na mwaka. Baba_Ilazo, iache hiyo. Hata kama kiwango chake kingekuwa kipya, ina zaidi ya miaka ishirini, na hujui mara ngapi imeanguka. Povu likishabonyea halirudi, na pigo moja linatosha. Gamba la nje linaweza kung'aa kama sahani wakati ndani povu limepasuka.

#18 Mzee_wa_Reli
Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Wanaotengeneza kofia husema ibadilishwe kila baada ya miaka mitano. Nani anasema? Muuzaji. Kofia zetu za chuma za kazini tulizivaa hadi rangi ikaisha, na hakuna aliyetuletea habari ya kuharibika kwa sababu ya kalenda. Mimi ninaona ni biashara.

#19 Mwl_wa_Fizikia
Mzee, nusu ninakuunga mkono. Povu lenyewe, lisipopigwa, ni kitu kinachodumu sana, na sioni sababu ya kimaumbile ya kuwa zima siku ya 1,825 na bovu siku ya 1,826. Nadhani tatizo ni joto. Gari lililofungwa vioo hapa Dodoma mwezi wa Oktoba, likaachwa juani tangu asubuhi, hufikia joto la kuweza kulegeza gundi inayoshika povu na gamba, na watengenezaji wenyewe huonya kofia isiachwe kwenye buti.

#20 Fundi_Makole
Mimi ninayezifungua nasema ni jasho. Ukivua bitana ya kofia ya miaka minne unakuta sponji imeoza na mkanda umekauka pale unapopita kidevuni. Povu huwa liko salama kabisa. Kinachokufa ni kile kinachoishikilia kofia kichwani, na kofia isiyoshika imekwisha kazi.

#21 Mama_Msusi_Nkuhungu
Na mafuta ya nywele je? Mbona hakuna aliyeyataja? Kofia za wateja wangu wanaokuja kwa bodaboda, ndani zinateleza.

#22 Mtumishi_wa_Mtumba
Mama ametaja jambo ambalo lipo. Taasisi ya Snell ya Marekani, ambayo ina viwango vyake vya kofia za farasi vinavyoanza na herufi E, inaposhauri miaka mitano hutaja kwa pamoja gundi, mafuta ya nywele, jasho, vipodozi na uchakavu wa kawaida. Kwa hiyo mwalimu, fundi na mama huenda kila mmoja ameshika mguu mmoja wa tembo. Mzee wetu naye hajakanushwa, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni kipi kati ya hivyo kilichoiharibu kofia fulani iliyo mbele yako, na muuzaji hufaidika na mashaka hayo.

#23 Dada_wa_Kondoa
Basi nimewaelewa, ninaondoa ushauri wangu wa #15. Na nitoe kisa changu badala yake. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka Marekani, nikamwagiza kofia kwa ajili ya mwanangu, aina ya Troxel Spirit, ambayo ni miongoni mwa za bei nafuu za kampuni hiyo. Ina ASTM na SEI, ina kitufe cha kuzungusha kisogoni cha kubana na kulegeza. Hesabu zote zilipokwisha, ilinifikia kwa shilingi 140,000. Kwenye mafunzo kuna mzazi mwenzangu ambaye mwanawe alikuwa na kofia mara sita ya bei hiyo, na akaniangalia kama niliyemvalisha mtoto sufuria.

#24 Farasi_Mweupe_Area_D
Dada, usichukie, ila ukweli ni kwamba bei hununua usalama. Ile ya gharama itakuwa na MIPS, ambacho ndicho kiwango cha juu kuliko hivyo vyote mlivyovitaja. Kichwa cha mtoto hakifanyiwi ubahili.

#25 Mwl_wa_Fizikia
Marekebisho madogo: MIPS si kiwango. Ni teknolojia ya Kisweden, utando mwembamba ndani ya kofia unaoruhusu gamba kuzunguka kidogo bila kuzungusha kichwa, kwa sababu pigo la mshazari huusokota ubongo. Wazo lake ninalikubali, lakini kofia huweza kuwa na utando huo na bado ikahitaji kupimwa kama nyingine zote.

#26 Mtumishi_wa_Mtumba
Kuhusu bei, kuna ushahidi. Maabara ya kofia ya chuo cha Virginia Tech, ambayo ilianza na kofia za mpira wa Kimarekani, ilitoa Desemba 2022 orodha yake ya kwanza ya nyota kwa kofia za farasi. Zote zilikuwa zinauzwa kihalali, lakini zilitofautiana sana, na bei haikuwa mwongozo: zilikuwepo za gharama kubwa zilizopata nyota chache kuliko za bei nafuu.

#27 Farasi_Mweupe_Area_D
Hiyo inathibitisha hoja yangu kwa njia nyingine. Kama zote zimefaulu kiwango na bado zinatofautiana sana, basi lebo ya Dada_wa_Kondoa inasema tu kwamba kofia haikufeli. Mzazi akimwona mwanawe amepata "ufaulu wa chini", hufurahi?

#28 Dada_wa_Kondoa
Hufurahi kuliko yule ambaye mwanawe hakufanya mtihani, kama kofia ya Sabasaba. Na wewe hujatuambia yako ina nyota ngapi.

#29 Farasi_Mweupe_Area_D
Sijaitafuta kwenye orodha hiyo.

#30 Mgogo_wa_Bahi
Ninaomba kuuliza nje kidogo: kwa nini farasi ni wachache hivi huku kwetu, na punda tele? Nchi kavu, nyasi zipo, watu wanapenda kupanda. Mimi husikia ni mbung'o.

#31 Kwato_Nne
Mbung'o ni sehemu ya jibu, lakini mbaya zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wanaouma usiku. Farasi huufia kwa wingi, punda huuhimili. Ndiyo maana farasi wa huku hulazwa bandani kabla jua halijazama, na ndiyo maana utunzaji wake una gharama.

#32 Msimamizi
Turudi kwenye kofia, tafadhali. Anayetaka kuendelea na visubi afungue uzi wake.

#33 Baba_Ilazo
Ninawashukuru wote. Nimeamua kwamba ya pikipiki ibaki kwenye pikipiki, na ya mtumba nimeiacha. Kuna mfanyabiashara wa Arusha ambaye ana kofia mpya za watoto zenye ASTM F1163 na alama ya SEI, kwa shilingi 145,000 pamoja na kuisafirisha kwa basi. Ananitaka saizi kwa sentimita. Hiyo inapimwa wapi hasa, na nitajuaje kama alama hizo si stika tu?

#34 Kwato_Nne
Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani sentimita mbili na nusu hivi juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na kwenye uvimbe wa kisogo pale palipotokeza zaidi. Ikifika kofia, avae bila kufunga mkanda, kisha uisukume taratibu mbele na nyuma: ngozi ya kipaji na nyusi zinapaswa kufuatana na kofia. Ikiwa kofia inakwenda na ngozi imebaki, ni kubwa. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi, si utosini kama kofia ya mpishi. Mkanda ukaze kidevuni kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Na tazama umbo, kwa sababu vichwa vingine ni mviringo na vingine ni yai. Kofia ya sentimita sahihi lakini umbo lisilo lake humbana mtoto kwenye paji na kumwachia nafasi pembeni, naye ataivua kila ukigeuka.

#35 Mtumishi_wa_Mtumba
Kuhusu stika, mwombe muuzaji picha ya lebo ya ndani yenye jina la mtengenezaji, aina, saizi na tarehe. SEI huweka kwenye tovuti yake orodha ya kofia ilizozithibitisha, kwa hiyo utaitafuta aina hiyo kwa jina. Ikiwa jina halimo, stika haina mzazi. Na usidanganyike na herufi CE, alama ya bidhaa ya Ulaya, zikiwa peke yake bila nambari ya kiwango, maana hata kofia nyepesi za kuzuia kugonga kichwa ghalani zina CE.

#36 Baba_Ilazo
Jina la kofia nimelikuta kwenye orodha. Kichwa nimekipima: sentimita 53. Ninaagiza kesho.

#37 Mama_Msusi_Nkuhungu
Subiri kwanza, baba. Mtoto yuko kidato cha kwanza. Shuleni kwao wananyoa?

#38 Baba_Ilazo
Ndiyo mama, wananyoa. Kwa nini?

#39 Mama_Msusi_Nkuhungu
Kwa sababu likizo ya Juni ndiyo wiki ninayojaza wasichana wa sekondari kuanzia asubuhi hadi usiku. Hata nywele fupi ninazisuka kwa rasta. Umepima kichwa cha shule, na farasi atapandwa na kichwa cha likizo. Twende kilioni ya kawaida itakuongezea sentimita moja au mbili, na akifunga fundo juu, kofia haitashuka kabisa.

#40 Nesi_wa_Zamu
Mama amesema jambo ambalo sisi sote tulipitiliza. Fundo utosini lisiwepo kabisa, kwa sababu huinyanyua kofia na kuacha kisogo wazi, yaani palepale ambapo Kwato_Nne alisema kofia ya farasi hushuka kupafunika. Kwangu mimi asisukwe hadi mafunzo yaishe.

#41 Kwato_Nne
Ninatofautiana kidogo na nesi. Asuke, lakini misuko iwe bapa, miisho ifungwe chini kabisa, usawa wa shingo, na iwe hivyohivyo kila siku ya kupanda. Jambo baya ni kubadilisha: leo misuko, kesho kipara, na kofia ni moja.

#42 Mzee_wa_Reli
Anyoe. Mambo yote yataisha.

#43 Baba_Ilazo
Nimeitisha kikao cha nyumbani. Mama yake yuko upande wa Mama Msusi, mimi niko upande wa mzee, na mhusika mwenyewe ametangaza kwamba kama kupanda farasi ni kunyoa, basi farasi wabaki Kongwa. Amesukwa jana. Nimempima upya, imekuja 55. Nimeagiza yenye kitufe cha kuzungusha, inayoanzia 52 hadi 56.

#44 Baba_Ilazo
Kofia imefika leo kwa basi la saa nane. Lebo ni ileile ya kwenye picha, na tarehe ni ya mwaka jana. Kwa misuko imekaa vizuri, nyusi zinafuatana nayo kama mlivyosema. Ila nimejaribu kuiwaza atakaporudi shule na kunyoa, na mwenye shamba anataka aendelee kuja siku za Jumamosi. Je, nikiweka sponji ya godoro ndani ili kuijaza, kuna ubaya?

#45 Kwato_Nne
Usiweke sponji. Zungusha kitufe kwanza. Kikifika mwisho na bado inacheza, tumia pedi za mtengenezaji zilizokuja nayo kwenye boksi, na kama hazitoshi, kofia hiyo si yake kwa kipindi hicho.

#46 Fundi_Makole
Mimi ninashona bitana za elementi kila wiki na hakuna aliyelalamika. Sponji nyembamba ya milimita tatu pembeni haina neno.

#47 Mwl_wa_Fizikia
Fundi, sponji laini hubonyea kabla ya povu kuanza kazi, kwa hiyo kofia itateleza kabla ya kupokea pigo.

#48 Fundi_Makole
"Hubonyea" safari hii, si "huenda ikabonyea". Tunasonga mbele.

#49 Mama_Msusi_Nkuhungu
Baba_Ilazo, fungua lile boksi kwanza uzitazame hizo pedi. Na kama anapanda Jumamosi tu, mwulizeni mwalimu wa darasa kama ataruhusiwa kubaki na nywele fupi zisizonyolewa kipara.